Mfalme Aliyetaka Risasi za Ncha

Isome yote kabla hujaituma mbele. Ni fupi, na foleni uliyopanga haisogei leo.

Palikuwa na mfalme mmoja, Mfalme Lugome, aliyerithi kwa babu yake bunduki za kizamani. Zile za kukoki kwa kushusha na kupandisha mkono wa chuma ulio chini, kacha-kacha. Risasi zake ziliisha madukani hata kabla babu hajafa. Kila moja ilibidi itengenezwe kwa mkono: unayeyusha madini, unamimina kwenye kalibu, ikipoa unaipachika kwenye ganda lenye baruti.

Fundi wa kazi hiyo akafa. Na msimu huo nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo ya watu. Mfalme akatangaza nafasi ya kazi. Moja.

Moja! Nchi nzima ikaja. Foleni ilianzia mlangoni kwa mfalme ikaenda hadi kisimani, kifua cha huyu kwenye mgongo wa yule, maana ukiacha upenyo tu anaingia mpwa wa mtu.

Mbele kabisa alikuwa Kasembe. Huyu alisomea mambo ya vyuma mpaka chuo kikuu. Tangu amalize, alikuwa anaishi kwa mama yake, Bi Nang'ondo, mjane aliyekuwa akipika kisamvu bila chumvi huku akiwaambia majirani, "Mwanangu yuko kwenye process."

Kasembe akaweka risasi zake za mfano mbele ya mfalme. Mfalme akakunja uso.

"Mbona butu? Zimekaa kama vidole gumba."

"Mtukufu, ndivyo bunduki zako zinavyotaka. Risasi zake zinalala kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, na springi inazisukuma. Pua ya hii inaegemea kitako cha ile ya mbele. Na hapo kitakoni ndipo ilipo fataki inayowasha baruti. Nikiweka ncha, siku bunduki ikipiga teke, ncha itagonga fataki. Bomba litamlipukia mpigaji mkononi."

Kisha mshauri mkuu, Mzee Ndomba, akacheka.

"Hizo ni theory. Kijana, una experience ya miaka mingapi?"

"Sina, mzee. Miaka yote nilikuwa natafuta kazi."

"Mnaona sasa? Overqualified, halafu hana experience."

Baraza zima likaangua kicheko. Mfalme akainua ile risasi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika mende.

"Babu yangu kwenye picha yake ameshika risasi yenye ncha. Isiyo na ncha ni kokoto. Mimi nataka ncha. Ndomba, huko nje wako wangapi?"

"Wamefika kisimani, Mtukufu. Na wengine bado wanakuja."

"Umesikia, kijana? Ncha, au mpishe mwenzako."

Kasembe akageuka. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na njaa tu, kama yeye. Kasembe akakikumbuka kile kisamvu.

"Ncha utapata, Mtukufu."

Akapewa kazi. Bi Nang'ondo alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mboga ya siku hiyo ilikuwa na chumvi.

Ikafika siku ya kwenda kuwafukuza nguruwe. Walinzi wa mfalme wakapangwa kando ya mashamba. Mmoja wao alikuwa Mtawa, rafiki yake Kasembe tangu utotoni, aliyetiwa jando pamoja naye. Kasembe akamvuta pembeni.

"Mtawa, nakuomba. Weka risasi moja, piga, ndipo uweke nyingine. Usijaze bomba."

"Una wazimu wewe? Amri ni kujaza."

"Zitakulipukia. Nimezitengeneza mimi, najua."

Mtawa akamkazia macho. "Kama ulijua, kwa nini ulitengeneza?"

Kasembe akageukia mihogo. Mtawa akacheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka.

"Basi usinijibu, mwanangu. Hata mimi nina foleni nyuma yangu. Nikikutwa na bomba tupu leo, kesho sare hii anavaa mwingine. It is what it is. Tuombe Mungu."

Akajaza.

Nguruwe wa kwanza alipotokeza pua, Mtawa akafyatua. Mlio wa kwanza ulikuwa wa bunduki. Wa pili haukuwa. Nguruwe wakatawanyika, na Mtawa akabaki amepiga magoti kwenye mihogo, akipapasa udongo kutafuta vidole vya mkono wake wa kushoto.

Kasembe hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe barazani akaanguka miguuni pa mfalme.

"Mtukufu, mkosaji ni mimi. Nilijua, na bado nikatengeneza. Ninyonge."

Mfalme akapiga mwayo.

"Nikunyonge kwa lipi? Umefanya nilichokuagiza. Wafanyakazi watiifu kama wewe wako wapi siku hizi? Ndomba, mlinzi mmoja amepungua. Tangaza nafasi."

Ndomba akatoka kutangaza. Kasembe, akiwa bado sakafuni, akasikia kitu ambacho hakukitarajia: makofi. Foleni ilikuwa inashangilia. Watu walikumbatiana, wengine wakimshukuru Mungu kwa kufungua mlango. Kisha wote wakasogea hatua moja mbele, kifua kwenye mgongo.

Wa kwanza kuingia alikuwa mdogo wake Mtawa. Shati lake lilikuwa na damu ya kaka yake, maana ndiye aliyembeba kumrudisha nyumbani, na nyumba hiyo sasa haikuwa na mtu mwenye kazi. Alipita kando ya Kasembe bila kumtazama.

"Niko tayari kuanza leo, Mtukufu," alisema.

"Safi sana," akasema mfalme. "Kasembe, mtengenezee zake. Na safari hii ncha ziwe kali zaidi, zile za kwanza zilikuwa nene nene."

Kasembe akainuka, akaenda kuchochea moto. Jioni hiyo nguruwe nao walirudi kwenye mihogo.

Funzo: Mtawala hana haja ya kukuelekezea bunduki; anakuonyesha tu aliyesimama nyuma yako. Na bomba likilipuka, mkono unaokatika kamwe si wake.