Muuza Misiba

Muuza misiba huzika peke yake. Mlicheka mlipomsikia mama yenu akimjibu hivyo yule kijana wa kwenye simu, naye kijana akakata upesi kama aliyeshika kaa la moto. Sasa mnauliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wala hayana uzee wowote. Waliokuwapo siku hiyo bado wanalima. Yawekeni chini hayo maharage, msogee. Chanzo chake ni hiki.

Alikuwapo kijana aitwaye Ipyana, mwana pekee wa Tusekile. Huyu alijaliwa sauti. Si ya kuimba, ya kuiga. Alikohoa kama mchungaji, akabembeleza kama mwuza vitenge, na akitaka kulia kama mjane alilia mpaka wapita njia wakavua kofia. Aliishi na mama yake katika chumba cha kupanga mjini, maana mama alikuwa na ugonjwa wa moyo na kliniki ilikuwa huko. Mama hakuwa na simu; habari zake za kijijini zilipita kwa mwanawe. Kijijini, juu kwenye vilima vya migomba, alibaki mjomba wake Ambilikile na ukoo mzima. Kazi Ipyana hakuwa nayo. Alishinda penye kijiwe cha waosha magari akiwachekesha watu kwa sauti za watu wengine, hadi Katibu alipomsikia.

Huyo Katibu msidhani alikuwa mhuni wa kuvaa miwani ya giza. Alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa, mtu wa koti na salamu ndefu. Jeneza lolote lililopita, bega lake lilikuwa chini yake. Ndipo alipojifunza kwamba mtu aliyefiwa haulizi maswali. Mkono wake huwa wazi kama mlango wa nyumba ya matanga. Wengine tukijua hilo tunaona huruma. Yeye aliona shamba.

Wafanyakazi wake walikaa nyuma ya stoo ya soda. Mmoja alisikiliza redio. Mnajua matangazo ya vifo yalivyo: anatajwa marehemu, anatajwa mjane, kaka aliyeko kule, shemeji aliyeko huku, wakwe, na kijiji cha mazishi. Ukoo mzima unaanikwa hewani ili ukusanyike, naye aliuchuma kama mtu achumaye mboga za jirani. Wa pili alitafuta namba. Nyingine alizinunua kwa vijana wa vibanda vya kutuma pesa, kisha akazihakiki: aliingiza namba kana kwamba anatuma hela, jina la mwenyewe likajitokeza, akaghairi. Wa tatu alisajili laini barabarani chini ya mwavuli. Ajuza akija aliambiwa, "Bibi, kidole hakijasoma, weka tena." Kila kidole kilichorudiwa kilizaa laini nyingine kwa jina la ajuza huyo, nayo ikaishia mfukoni mwa Katibu. Ndiyo maana mwizi wa simu akisakwa hupatikana bibi wa watu asiyejua hata kuwasha simu.

Kilichokosekana kilikuwa sauti. Ndipo akaitwa Ipyana.

Lakini Katibu alikuwa na sharti. Anayeingia alitoa kwanza ukoo wake: majina, namba, nani anamheshimu nani, nani ana ng'ombe, nani ana huruma ya upesi. Ipyana aliposita, Katibu alimwekea mkono begani kwa upole, kama anavyowawekea wafiwa. Alimwambia kwamba aliyewaibia wageni anaweza siku moja kutubu akaenda polisi. Aliyewauza wa kwao hana pa kwenda, na mtu asiye na pa kwenda ndiye mfanyakazi mwaminifu. Akamwahidi kuwa majina hayo yatakaa tu. Ipyana akafikiria dawa za mama yake, akayataja yote, hata lile jina la utotoni la mama, Kadogo, ambalo kaka yake pekee ndiye aliyelitumia.

Aliapa moyoni kwamba hatawapigia watu wake, na kiapo hicho hakukivunja. Alipiga mwingine.

Mjomba Ambilikile alikuwa akipogoa kahawa simu ilipolia. Kijana analia, anasema yeye ni Ipyana, simu yake imezimika, anatumia ya mtu. Mama, Kadogo wako, amefia hospitali, jeneza halijapatikana. Mjomba aliuza mtamba wake kwa bei ya kutupa na kutuma chote. Wanawake walipiga yowe, wanaume wakachimba kaburi mgombani kando ya la mumewe. Kisha mjomba akapanda basi kwenda kuuleta mwili, na alipofika kwenye kile chumba cha kupanga alimkuta dada yake kizingitini anachambua mchele.

Alicheka hadi akakaa chini, kisha akalia hadi dada akamshika kichwa. Ipyana alikuwa mle ndani. Alimsikia mama yake akisema pole pole, "Aliyenizika mzima, Mungu akimsamehe ni Mungu. Mimi siwezi." Naye akatoka, akamsalimu mjomba, akawaletea chai.

Kule kijijini kaburi lililokwisha kuchimbwa haliachwi wazi. Walizika gogo la mgomba. Baada ya hapo ukoo ulikaa kikao ukakata shauri moja: habari ya kifo haipokelewi tena kwa simu. Kama mtu amekufa kweli, habari yake ije na miguu.

Habari hizo Ipyana alizipata, akaendelea kulia kwa mshahara. Namba yake ya zamani, ile waliyoijua ndugu, alikwisha kuitupa chooni siku yeye na wenzake wa stoo walipohisi wanafuatiliwa. Tangu hapo alipitia laini za maajuza kama mtu anavyobadilisha soksi.

Kisha moyo wa Tusekile ukasimama kweli, asubuhi, kikombe cha uji kikiwa mkononi. Ombi lake mwanawe alilijua, maana alilirudia kila alipoumwa: alazwe mgombani, na azikwe na watu wake.

Ipyana alimpigia mjomba.

"Mjomba, mama amefariki."

Mjomba akasema kwa utulivu, "Dada yangu mlikwisha kumuua. Safari hii kufeni nyinyi."

"Mjomba, ni mimi. Ipyana."

"Hata yule wa kwanza alikuwa Ipyana."

Hapo Ipyana akalia. Alilia kilio chake mwenyewe, ambacho hakuwahi kukitoa kwa mtu, kibovu, chenye makamasi na kukwama kooni. Mjomba alisikiliza kidogo.

"Wa kwanza alilia vizuri kuliko wewe," akasema, na kuzima simu.

Alijaribu kwa shangazi, kwa mabinamu, kwa mzee wa kanisa. Wote waliitikia vilevile, wengine kwa matusi. Akamwendea Katibu kumwomba mtu mmoja tu, atangulie kijijini kwa miguu yake. Katibu alimpa pole iliyokamilika, yenye aya ya Biblia, kisha akamwambia, "Kijana wangu, kazi yetu ni kupiga. Kwenda hatuendi." Kwa hiyo alikodi gari dogo la mizigo, akaweka jeneza nyuma, akapanda kando yake. Alijipa moyo: wasipoamini sikio wataamini jicho.

Alikuta milango imefungwa. Kijiji chote kilikuwa kimevuka mto kwenda kumzika mzee mmoja wa ng'ambo, ambaye habari yake ilikuja jana yake na miguu, kama walivyokubaliana. Alibaki bibi mmoja kipofu barazani, akamwambia kwamba wakienda ng'ambo hulala matangani. Mwili ulikuwa umetoka kwenye baridi ya chumba cha maiti tangu alfajiri. Wingu lilikuwa limefunga, na dereva alisema barabara ile ikinyeshewa yeye hatoki tena.

Ipyana akachukua jembe la mjomba wake lililoachwa uani, akaingia mgombani.

Ninyi mmeona makaburi yakichimbwa. Vijana hupokezana, mmoja akichoka mwingine anaruka ndani, wanataniana, wazee wanakosoa kina, akina mama wanaleta togwa. Yeye alipokezana na nani? Alichimba mpaka viganja vikachubuka, na bado shimo lilikuwa la kina kifupi, la kutia aibu. Dereva alimsaidia kushusha kwa kamba, akaondoka bila kuaga. Ipyana akasimama kando ya shimo kusali. Alipofumbua kinywa, ikatoka ile sauti ya mchungaji aliyokuwa akiitumia kazini, nene na ya kupendeza. Akanyamaza. Mama yake alifukiwa bila neno.

Mvua iliwarudisha watu wa ng'ambo mapema kuliko desturi. Walipoingia uani jua likizama, walimkuta amekaa juu ya udongo mbichi. Mjomba Ambilikile alikuwa bado na jembe begani, lile alilomzikia mtu mwingine.

"Humu kuna nani?"

"Mama."

Wanawake wakaanza yowe. Mjomba akawanyamazisha kwa mkono.

"Mbona hukuleta mtu kutuambia?"

"Nilikupigia, mjomba. Nililia."

"Yule alikuwa wewe." Mjomba aliliweka jembe chini taratibu. "Basi nimekosa mimi. Lakini niambie. Yule wa kwanza alimwita dada yangu Kadogo. Jina hilo halisomwi redioni, wala halijaandikwa popote. Mimi sikumpa. Marehemu hakumpa. Alilipata kwa nani?"

Ipyana alitazama viganja vyake. Hakuna sauti hata moja, katika zote alizokuwa nazo, iliyomjia.

Mjomba akaelewa, na waliosimama nyuma yake wakaelewa mmoja mmoja. Hakuinua mkono kumpiga. Alisema kama mtu anayejisemea, "Nilimlilia dada yangu mzima, nikamkosa maiti. Na wewe leo ungekuwa na mikono yote hii. Uliiuza. Muuza misiba huzika peke yake."

Matanga yalikaliwa. Mikeka ilitandikwa upande wa pili wa nyumba, Tusekile akaliliwa kwa haki yake yote. Hakuna aliyemfukuza Ipyana, na hakuna aliyemwita. Aliwasikia kutoka kule mgombani wakimtaja mama yake kwa zamu, wakicheka kidogo kama watu wanavyocheka msibani, na kila wimbo ulipoanza alisubiri kama ungemfikia. Siku walipofagia uani na kutawanyika, hakuwapo. Hatujui alikoelekea.

Katibu? Katibu yupo. Bado bega lake liko chini ya majeneza ya watu, na nyuma ya stoo ile haikukosekana sauti nyingine.

Ndiyo maana mama yenu hakumtukana yule kijana wa kwenye simu. Alimwambia tu mahali anapokwenda. Muuza misiba huzika peke yake.