Mafiga ya Sembuli

Sogeeni, wana wa Lughoro, moto ukiwa katikati yetu. Zama zile mlima huu haujaona moshi wa nyumba hata moja, alikuwako Sembuli mwana wa Kirumbi, Sembuli mbeba-mafiga, mwenye mgongo mpana kama mlango wa zizi, naye alikuwa na mtoto mmoja tu, binti aliyeitwa Nakiete.

Njaa ilipowafukuza nyikani, watu walimtwika Sembuli mafiga matatu ya nyumba kuu, kwa kuwa ndani ya mawe yale, ndivyo walivyoamini, walikaa wahenga, wale wa mwanzo kabisa, waliowazaa waliotuzaa. Na asiye na figa la kumwagia pombe ya tambiko hakuwa na pa kuwaitia wahenga wake. Akapanda nayo milima na kushuka nayo, asiyatue chini, maana kuyatua njiani ulikuwa mwiko.

Walipokuwa wakivuka mto Kighombo, maji yakawajia ghafla, na Nakiete, aliyeshika shuka ya baba yake, akachukuliwa. Sembuli hakufikiri mara mbili. Aliachia mzigo, akapiga mbizi, akamtoa mwanawe akiwa hai. Mafiga yakaenda na maji.

Aliwafikisha Lughoro, akawafyekea mashamba, akawapa sheria tulizo nazo mpaka leo, na bado walimtazama kwa jicho la pembeni. Nakiete alikua akiyasikia manung'uniko yao kisimani, yakamchoma, kwa kuwa alijua ni yeye aliyepona wahenga wakapotea.

Miaka ilipita, Sembuli akaota mvi, na wazee wakatangaza kwamba akifa hatatajwa pamoja na wahenga. Hakubisha. Alisema, "Niliwaachia waliokufa nikamshika aliye hai, na leo ningefanya vivyo hivyo. Lakini kuwatafuta ni juu yangu."

Nakiete akamshika mkono. "Usiende, baba. Mimi nitakutaja."

"Utanitajia wapi, mwanangu, na figa hatuna?"

Akateremka mtoni, asirudi. Nakiete alimfuata, akakuta shuka yake tu, imekunjwa vizuri juu ya mwamba. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaokota mawe matatu pale ukingoni, akapanda nayo mlima mzima bila kuyatua, akayapanga mbele ya wazee.

Wazee wakasema hayo si mafiga ya wahenga, ni mawe tu ya mtoni.

"Wahenga wenu walikwenda na maji," Nakiete akajibu, "na baba yangu amekwenda huko huko waliko. Atakosaje kuwa mmoja wao?"

Akamimina pombe, akataja jina la Sembuli, na mkubwa wa wazee akavua kilemba chake.

Ndiyo maana kwetu mafiga ya nyumba mpya huokotwa Kighombo, na huyabeba binti wa nyumba. Na tunapowaita wahenga, tunaanza na yule aliyewaachia. Nakiete alilitaja jina lile mpaka uzeeni, na kila alipolitaja, mkono wake ulikuwa ukishika upindo wa ile shuka.