Mshahara wa Kuposea

Wapendwa, tulieni kidogo niwape habari ya kijana mmoja aliyekwenda kuposa. Alikuwa amepata kazi kiwandani, kazi ya kulipwa kwa saa, na hata mshahara wa kwanza alikuwa hajauona. Lakini mapenzi hayangoji mwisho wa mwezi, au nasema uongo?

Basi akamwomba mjomba wake awe mshenga. Mnawajua wajomba wa namna ile, mdomo hauna breki. Kufika ukweni, hata soda hazijafunguliwa, mjomba akachukua malipo ya saa moja, akayazidisha kwa saa za mwezi mzima, akatangaza kwamba kijana wao anavuta laki saba. Mashangazi wa binti wakatazamana. Laki saba, jamani!

Baba wa binti alikuwa na bucha. Hakucheka wala hakununa. Akamgeukia kijana mwenyewe, akamwuliza, "Mwanangu, hiyo laki saba ni steki tupu, au na mifupa imo?"

Mjomba akamkanyaga kijana mguu chini ya meza, yaani nyamaza. Ungekuwa wewe ungejibuje? Binti unampenda. Ukisema kweli unamwaibisha mjomba aliyekusemea, na pengine unarudi nyumbani bila mke.

Kijana akasimama. "Baba, mifupa imo. Kuna kodi, kuna mfuko wa uzeeni, kuna bima. Saa ya chakula hailipwi, na siku nisipoingia kazini sina changu. Nilivyokadiria, kitakachofika mkononi ni laki tano na kidogo."

Mjomba akajikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Mzee akaagiza binti aitwe, maana ndiyo desturi, aulizwe kama anawajua wageni. Kumbe binti alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Akaingia, akapiga magoti.

"Nawajua, baba," akasema. "Na laki tano ndiyo aliyoniambia tangu alipopata kazi. Hiyo laki saba ndiyo kwanza naisikia leo."

Hapo mzee akacheka mpaka machozi. "Hata mimi uliniambia juzi," akamjibu bintiye. Kisha akamshika kijana mkono. "Niliijua, mwanangu. Nilikuwa nangoja tu niisikie kinywani mwako."

Vigelegele vilivyopigwa hapo, nusura bati liezuke. Na mahari ikapangwa ya mtu wa laki tano.

Sisi je? Tukipiga magoti, tunampelekea Mungu laki saba. Bwana nimefunga, Bwana nimetoa sadaka, Bwana nimesamehe. Makato hatuyataji. Kinyongo kimekata, wivu umekata, na ibada nyingine mwili ulikuwa kwenye benchi hili huku moyo uko sokoni. Tunaogopa kwamba Baba akijua kilichobaki atatufukuza.

Ndugu yangu, anakijua! Alikijua kabla hujavaa viatu kuja hapa. Na Mwanawe ameshasimama mbele zake, ametutazama sisi na aibu yetu, akasema, "Nawajua hawa."

Basi simama, mama. Simama, mzee wangu. Hata kama imebaki elfu kumi, itaje hiyo hiyo kwa kinywa chako mwenyewe. Tumekwisha kukubaliwa, wapendwa, na aliyetukubali hakudanganywa na mtu.