Dawa ya Mafundi

Mwaka ule maduka ya Temeke yalianza kujaa vitu. Watu waliozoea kupanga foleni kwa kipande kimoja cha sabuni sasa walikuta sabuni za kila namna, kila moja na picha ya mwanamke anayetabasamu. Katika mtaa mmoja wa Mtoni, nyuma ya mashine ya kusaga, palikuwa na saluni ya chumba kimoja. Mwenyewe aliitwa Mwamvita binti Mwinjuma.

Mwamvita alikuwa fundi wa ngozi. Aliwasinga mabibi harusi, akiwasugua mwili kwa liwa ya msandali na waridi, kama alivyofundishwa na mama yake, na baadaye akajifunza dawa za kisasa. Iliyompa jina ni Zuhura, krimu ya kuondoa madoa iliyokuja katika makopo makubwa ya bati. Wakala wa krimu hiyo, mtu mmoja aliyeitwa Gaspar, aliwakusanya mafundi wa saluni wa Temeke na Kinondoni akawafundisha kwa siku tatu. Kijiko kimoja cha dawa kwa vijiko vinne vya mafuta. Usoni tu. Dakika kumi, isizidi hata moja. Na kabla ya yote, tone moja nyuma ya sikio, kisha mteja aende kwao, arudi baada ya siku mbili. Akirudi sikio limewiva au linawasha, hapakwi.

"Hii haitakaa dukani hata siku moja," Gaspar aliapa mbele yao. "Hii ni dawa ya mafundi."

Mwamvita aliishika sheria ile kama mtu ashikavyo nadhiri. Aliwarudisha nyumbani wake za wakubwa waliokuja na magari. Walinuna, wakaondoka, na baada ya siku mbili wakarudi wenyewe.

Ila sheria zake zote zilikuwa na mlango mmoja wa uani, na mlango huo uliitwa Nusaiba. Alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, na Mwamvita, ambaye Mungu hakumjalia mtoto, alimchukua akamlea kama yai. Nusaiba alipolilia viatu vya sikukuu kabla sikukuu haijafika, alivivaa siku ileile. Alipolilia kuacha chuo kwa sababu mwalimu ni mkali, aliachishwa. Yuliana, mwanamke wa Masasi aliyesuka nywele pale saluni, hakuacha kusema.

"Dada Mwamvita, machozi ya huyo mtoto ni ufunguo. Iko siku atafungua chumba kisichofunguliwa."

"Yatima huyo, Yuliana. Nani mwingine wa kumfuta machozi?"

Siku moja mteja wa zamani aliingia na kopo dogo la Zuhura mkononi, jepesi, lenye mfuniko wa plastiki.

"Nipake, shoga. Leo nimekuja na yangu."

"Umeitoa wapi?"

"Dukani hapo kona. Imewekwa kati ya biskuti na dawa ya mbu."

"Na kipimo chake?"

"Kipimo cha nini tena? Mie natia kidole."

Haikupita miezi miwili Zuhura ikawa kila mahali: sokoni Tandika, vibandani Manzese, mpaka huko Ukonga. Saluni ya Mwamvita ikapwaya. Wateja waliorudi walirudi wameharibika, wakitaka awatengenezee walichojiharibia wenyewe, na asipoweza wanamtangaza kuwa mkono wake umechuja. Maji yalipomfika shingoni, alikwenda na mafundi wenzake watatu hadi ghala la Gaspar.

"Uliapa," Mwamvita alimwambia.

Gaspar alikuwa akifunga maboksi kwa kamba. Hakuacha. "Mama, mambo yamebadilika. Siku hizi biashara huria. Anayetaka ananunua."

"Na anayeungua?"

"Maelezo yamo ndani ya boksi."

Fundi mmoja, Apolonia wa Kinondoni, aliitoa karatasi yenyewe kwenye pochi akaikunjua. "Haya hapa. Kizungu kitupu, tena maandishi kama mayai ya sisimizi. Nani wa Tandika atasoma hii?"

"Si mtawasomea nyie mnaojua?" Gaspar akacheka. "Semeni kweli jamani. Mnaonea uchungu ngozi za watu au mlitaka mle peke yenu?"

Neno lile liliwachoma, maana halikuwa uongo wote. Kesho yake Mwamvita alikata kadibodi, akaandika kwa makaa, akaitundika juu ya kioo: HATUPAKI DAWA YA MTEJA. HATUPAKI BILA KUJARIBU.

Wakati huo Nusaiba alikuwa ameposwa na Khalfani, kijana mtulivu wa Kigamboni. Harusi ilipangwa Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, Nusaiba aliingia saluni amejifunika khanga mpaka machoni. Alipoifunua, Yuliana aliangusha kitana.

Mashavu yalikuwa mekundu kama kamba aliyechemshwa. Paji la uso lilikuwa jeusi, na shingo imebaki na rangi yake ya zamani. Ilikuwa wiki ya tatu anajipaka kwa siri Zuhura ya dukani, tangu siku dada yake Khalfani aliposema mbele za watu kwamba kaka yake anajiolea kivuli, kwa weusi wa Nusaiba.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Mama, nisawazishe. Nipake mwili mzima nitoke rangi moja."

"Ngozi hii imechubuka. Ikiguswa tena na dawa itaungua. Nitakusinga kwa liwa, utavaa mtandio, na Khalfani atakuoa hivyohivyo. Alikupenda kabla ya kopo."

Nusaiba akaanza kulia. Hakulia kwa kelele. Alikaa sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya Mwamvita kama alivyofanya siku ya msiba wa mama yake, mabega yakimtikisika.

"Angekuwa hai aliyenizaa," alisema, "asingeniacha nichekwe."

Mwamvita alihisi kama amechomwa mkuki.

"Mwache alie," Yuliana alinong'ona. "Dada, nakuomba. Kilio cha leo kitaisha jioni."

"Usiponipaka nakwenda Tandika," Nusaiba akaendelea. "Wale hawaulizi maswali. Watu nao watasema, mtoto wa Mwamvita amepambwa na mkono mwingine. Khe! Hata mtoto wake hamwamini."

Hapo ndipo Mwamvita alipoanza kujidanganya. Alijua saluni za Tandika wanapaka dawa bila kuichanganya. Akajiambia, kama ni lazima apakwe, bora mkono wangu unaojua kipimo. Nitazidisha mafuta. Nitasimama hapahapa na saa. Hakuna hata moja kati ya mawazo hayo lililoondoa vidonda kwenye yale mashavu, lakini yalitosha kumnyamazisha mtoto.

"Yuliana, toka nje kidogo."

"Dada..."

"Nimesema toka."

Alifunga mlango. Alichanganya vijiko vinane vya mafuta badala ya vinne. Alipoinamisha kichwa cha Nusaiba kutafuta nyuma ya sikio, kwa mazoea tu, msichana alimshika mkono. "Siku mbili hatuna, mama." Mwamvita akaacha. Akampaka uso, mikono, kifua, mgongo, miguu, jambo ambalo tangu ajifunze kazi hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote.

Dakika ya tano Nusaiba alisema inawasha, akatabasamu, "Inafanya kazi." Dakika ya saba alipiga ukelele uliomwingiza Yuliana ndani kwa kusukuma mlango. Walimmwagia ndoo zote mbili za maji. Mwamvita alipomfuta bega kwa taulo, ngozi ilikuja na taulo.

Hospitalini daktari aliuliza alichopakwa. Mwamvita alikitaja, akataja na vipimo vyote, kijiko kwa kijiko.

"Nani aliyempaka?"

"Mimi."

Daktari alimtazama, akaandika.

Vidonda vilishika usaha, na homa ikapanda isishuke. Ijumaa Khalfani alikuja, akakaa kando ya kitanda tangu saa ya kuona wagonjwa ilipofunguliwa mpaka ilipofungwa. Nusaiba hakulia. Machozi yalikuwa yakimuunguza mashavu, kwa hiyo alijifunza kuyazuia, yeye ambaye maishani mwake hakuwahi kuyazuia. "Mama, usinilaumu," alisema siku ya Jumanne, na Mwamvita akampepea kwa upindo wa khanga. Jumatano, kabla ya adhuhuri, Nusaiba alifariki.

Waliomwosha hawakuthubutu kumsugua. Walimmiminia maji tu, polepole, kata baada ya kata. Mwamvita aliomba apewe kata moja amiminie miguu. Wakampa.

Msiba haukumfunga mtu duka. Habari zilipomfikia Gaspar alisema, na watu wakalileta neno lake hadi mkekani: aliyeungua kaungulia saluni, mkononi mwa fundi aliyefundishwa, dukani hajaungua mtu. Mafundi wenzake Mwamvita walisaga meno. Apolonia alitaka waende kumshitaki. Mwamvita alitikisa kichwa. Hakuwa na shaka kuhusu dhambi ya Gaspar, lakini kulikuwa na mlango uliofungwa Jumatatu ile, na aliyeufunga hakuwa Gaspar.

Baada ya arobaini Yuliana alikuja kumsaidia kufagia. Alimkuta amekaa kizingitini, mikono yake imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

"Nilimwonea huruma tu, Yuliana," alisema.

"Najua, dada."

"Ningemwacha alie."

Yuliana alikaa chini kando yake, wakaangalia watu wakipita kwenda sokoni. Nusaiba alilia asubuhi ile moja tu, akafutwa machozi. Aliyemfuta analia hadi leo, wala hajatokea wa kumfuta. Ndiyo hukumu yenyewe: mchelea mwana kulia, hulia yeye.