Michi Miwili, Kinu Kimoja

Haya wapendwa, acheni kusinzia, hii ni yetu! Kulikuwa na mama mmoja mwenye binti wa miaka tisa. Binti huyo, hatua zilimpiga chenga. Kwaya ya watoto ikienda kulia, yeye kushoto. Akitumwa chai, inafika nusu kikombe. Wenzake wakamwita Goigoi. Jumapili moja akamkanyaga mwenzake mbele ya wageni, kwaya nzima ikayumba, na mwalimu wa kwaya akamwambia, "Wewe kaa benchi la nyuma, unatuharibia."

Tangu siku hiyo mtoto akazimika. Hali, hachezi, hata salamu haitikii. Mama akampeleka kwa mchungaji. "Baba Mchungaji, mwanangu ameingiwa na pepo la huzuni." Mchungaji akaomba. Akafunga siku tatu. Akampaka na mafuta. Wapi!

Basi akaja shangazi wa mtoto kuwasalimu. Asubuhi akatoa kinu uani, akamimina mahindi, akachukua mchi mmoja na wa pili akampa binti. Mama akapiga kelele kutoka jikoni, "Wifi, huyo hawezi! Michi itagongana!"

"Igongane, wifi. Kwani mahindi yana haraka?"

Na ikagongana kweli! Kwa! Kwa! Mahindi yakaruka, kuku wakashiba. Shangazi hakununa. Akapunguza mwendo, akawa anaimba, "Wewe... mimi. Wewe... mimi." Kesho tena, keshokutwa tena. Siku ya nne, sikilizeni: du, di, du, di, bila kugongana hata mara moja! Na yule mtoto, aliyemaliza mwezi mzima bila tabasamu, akacheka mpaka mchi ukamponyoka!

Mama akatoka mbio, mikono juu. "Pepo limetoka!"

"Pepo gani, wifi?" shangazi akamuuliza. "Mtoto alikuwa anaiogopa miguu yake mwenyewe. Na ninyi ndio mliomfundisha kuiogopa."

Mnacheka? Ngojeni kwanza. Yule mwalimu wa kwaya mnamjua? Ndiye huyohuyo mchungaji aliyefunga siku tatu. Ndiye mimi! Jumapili nilimfukuza mtoto, Jumatatu nikamsihi Mungu amponye kidonda nilichomtia mwenyewe.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu alicheza kwao, tukamfukuza. Sisi hao! Mtoto akijikwaa tunamwita mzembe, akinyamaza tunasema ana pepo. Nani kati yetu alizaliwa anatembea? Mkono wa mtoto ukijiamini, moyo wake nao unasimama. Lakini nani nyumbani kwako ana subira ya kumwimbia "wewe, mimi" siku nne?

Haya, benchi la nyuma, nawaona! Simameni, njoni hapa mbele, wote. Wimbo tunaanza sasa hivi, na atakayekosea hatua, nitaikosea pamoja naye.