Ukuta wa Upande wa Mlima

Kulikuwa na binti mmoja aliyeolewa huko kwenye vilima vya baridi, katika nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma. Nyumba ile ilikuwa na baraka zake, wapendwa, na ilikuwa na jambo lake. Mvua ikianza kugonga bati, kila aliyemo anaacha alichoshika. Sufuria inabaki motoni, nguo zinabaki kwenye kamba. Wanakwenda kusimama katikati ya sebule, mabega yamegusana, macho kwenye ukuta wa upande wa mlima. Hakuna anayesema. Mvua ikikatika, kila mtu anarudi kwenye kazi yake, na habari hiyo haizungumzwi tena.

Mara ya kwanza binti alicheka. Nani asingecheka? Akaendelea kumenya ndizi zake jikoni. Mama mkwe akaja akamshika mkono, na kiganja cha yule mama kilikuwa cha baridi, kimelowa jasho.

"Mama, kuna nini?"

"Njoo tu. Hapa kwetu mvua ikinyesha tunakaa hivi."

"Tangu lini?"

"Mimi niliolewa nikakuta hivi."

Mwaka wa kwanza alikuwa akivutwa. Mwaka wa pili alikuwa akiitwa. Mwaka wa tatu alijikuta amesimama pale kabla ya wenzake, kisu cha jikoni kingali mkononi, moyo unamwenda mbio, na hakukumbuka ni siku gani alianza. Hilo ndilo lililomtisha. Ukuta ule haukuwahi kumfanya lolote.

Akajaliwa mtoto wa kike. Mtoto ana miezi minane, amelala fofofo. Tone la kwanza linagonga bati, naye anafumbua macho. Halii. Anabana pumzi na kuutazama ukuta. Sasa nawauliza, nani alimwambia? Mtoto hajui kutamka hata "mama". Lakini katika kila mvua tangu azaliwe alikuwa amekumbatiwa, sikio lake limelala juu ya moyo wa mama yake, na moyo ule ulimweleza kila kitu.

Mchana mmoja mtoto akachemka homa, macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Degedege. Zahanati ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mama amekwisha kumfunga mtoto kwa khanga, baba amekwisha kushika mwavuli, na mvua ikaanza.

Baba akauweka mwavuli chini. Akaenda katikati ya sebule akasimama. Mama mkwe akasimama. Hata bibi wa yule baba, kikongwe ambaye masikio yalikwisha kuzima kabisa mpaka umwinamie na kupaza sauti, alipowaona wanakusanyika alijikokota na mkongojo wake akasimama nao.

"Ikatike kwanza," baba akanong'ona.

"Mtoto anakufa, baba."

"Ikatike kwanza, mke wangu."

Msimchukie yule baba. Machozi yalikuwa yakimtoka. Na mlango wa kutokea uko wapi? Uko kwenye ukuta uleule. Binti mwenyewe alitaka kwenda, miguu ikakataa, na mtoto anatetemeka kifuani pake.

Ndipo akamwinamia bibi sikioni, akapaza sauti katika nyumba ambamo hakuna aliyewahi kupaza sauti mvua ikinyesha.

"Bibi, huu ukuta una nini?"

"Huu? Hauna kitu. Ule wa zamani ndio ulikuwa wa udongo. Uliloa, ukaanguka, ukamfunika mwanangu wa kwanza. Waliobaki nikawa nawakusanya hapa katikati kila mvua. Huu wa matofali niliuona ukijengwa. Ni mzima."

"Sasa mbona na wewe unasimama?"

Bibi akawatazama usoni mmoja mmoja. "Mjukuu wangu, mimi hiyo mvua hata siisikii. Nasimama kwa sababu nawaona nyinyi mmesimama. Nilidhani kuna kitu mmekiona."

Binti akatoka. Na sikilizeni vizuri hapa: hakutoka bila woga. Kuelezwa hakukumwondolea kitu. Aliupita mlango ule amefumba macho, akafika zahanati amelowa chapachapa, na mtoto akapona.

Tangu siku ile, kila mvua ilipoanza alichukua kigoda, akaegemeza mgongo kwenye ukuta ule, mtoto kifuani, akakaa mpaka moyo wake utulie. Siku ya kwanza mvua ilikwisha moyo bado haujatulia. Leo yule mtoto ana miaka mitano, na mvua ikianza anakimbilia kukinga ndoo. Ila mama yake, tone la kwanza likigonga, mguu mmoja bado unageuka wenyewe kuelekea katikati ya sebule.

Wapendwa, ubongo wetu haufuti hofu kwa kuambiwa. Unaandika jipya juu yake, polepole, na la zamani linaendelea kusomeka kwa chini. Sisi tumesimama wapi, na nani alitusimamisha? Na watoto wetu wanasikia nini wakitulalia kifuani?

Mnanitazama kana kwamba nasema habari za watu wa mbali. Basi niwaulize. Lile benchi la pale dirishani, mbona halina mtu? Miaka sita niko hapa, watoto wanabanana kwenye mkeka, wazee wanasimama mlangoni, na benchi lile liko tupu. Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Kila mmoja ameniambia alikuta wenzake hawalikalii. Na mimi mchungaji wenu, ambaye sijaambiwa lolote, nimejikuta kila Jumapili napita mbali nalo.

Tutakapoanza kuimba nitashuka hapa madhabahuni, nitakwenda kukaa pale. Mtaniona natetemeka. Atakayeweza, aje akae nami, na aje na mtoto wake.