Dawa Midomoni mwa Wakubwa

Hapo kale, enzi wanyama walipokuwa na nyumba, majiko na majirani wa kuwasengenya, paliishi kando ya mto Bwana Kiboko, mkewe, na mtoto wao mmoja tu aitwaye Chande.

Bwana Kiboko alikuwa na mdomo. Sikilizeni vizuri, watoto: nimesema mdomo. Akipiga mwayo, ndege walidhani ni pango. Akipiga hodi ng'ambo hii, wa ng'ambo ile walijibu karibu. Akili nayo alikuwa nayo, lakini siku nyingi haikuwa ikishinda nyumbani.

Basi Chande akashikwa na homa. Akaitwa mganga Kobe. Kobe akafika kwa mwendo wake ule ule, akachemsha majani ya mwarobaini pamoja na mizizi anayoijua mwenyewe, sufuria ikajaa. Akasema, "Kikombe asubuhi, kikombe jioni, siku tatu." Akaenda zake.

Jambo lenyewe ni hilo tu. Mtoto anaumwa, dawa ipo, mpeni. Lakini wakubwa wale hawakuumbiwa njia iliyonyooka.

Siku ya kwanza baba akasema, "Kunywa, mwanangu, ni asali." Chande akapiga funda. Pwaa, ukutani.

Siku ya pili mama akaificha dawa ndani ya uji. Chande akautema uji, na tangu saa hiyo hakugusa uji tena.

Siku ya tatu akaja Kifaru, rafiki wa baba, ambaye Chande humwita mjomba. Kifaru anajua njia moja tu ya kufanya kila kitu, hata kuchambua mchele: nguvu. Akamkalia mtoto miguuni, akampanua taya. Chande akamng'ata mdomo wa juu, na Kifaru yule mwenye pembe akakimbilia vichakani akimwita mama yake.

Siku ya nne wakafanya ujinga uliozidi wa siku zote. Waliitia dawa katika maji ya kunywa, mama akamwambia mtoto, "Ni maji matupu, baba."

Chande akaonja. Akawatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akafumba mdomo, na hakuufungua tena kwa kitu chochote. Hata maji.

Mtoto wa kiboko, watoto wangu, akikataa maji, mjue pamebomoka.

Asubuhi ya siku ya tano Kobe akarudi. Akamgusa Chande ulimi, ulikuwa mkavu kama gome. Akasema, "Jua likifika utosini na mtoto huyu hajanywa kitu, msiniite mimi. Muiteni mchimba kaburi."

Ndipo akaja Pimbi.

Pimbi anaishi juu kule kwenye mawe. Umbo lake ni la kiganja na nusu, mkia hana, lakini hasira anazo za ukoo mzima. Na watu wa mawe na watu wa mto ni watani tangu babu na babu. Utani mnaujua: mtani akija nyumbani kwenu atawatukana mpaka mchoke, na hapigwi. Pakiwa na msiba au ugonjwa, mtani akiagiza jambo, linafanywa. Ndiyo desturi.

"Hodi, enyi vichwa vya matope," Pimbi akasema mlangoni. "Nimesikia mna mgonjwa. Majirani wenu wamenieleza yote."

"Karibu, mtani," akajibu Mama Chande, macho yamevimba. "Mtoto anatufia. Hataki dawa."

"Mmemwambia ni nini?"

"Asali," akasema Bwana Kiboko, na matete yakatikisika mtoni. "Nimemwambia asali mara kumi na mbili. Mtoto huyu ni mkaidi. Sijui kaurithi wapi ukaidi."

"Sijui kweli," akasema Pimbi. "Na uji?"

"Uji tulimwambia ni uji," akasema mama.

"Na maji?"

Kifaru, aliyekwisha kurudi kutoka vichakani, akajikuna mdomo wake uliovimba.

Pimbi akaenda jikoni peke yake. Akachovya kidole katika sufuria ya Kobe, akalamba. Akasimama kidogo akishika ukuta. Dawa ile ilipanda puani, ikashuka, ikapanda tena. Akawaza: wao walionja? Hata mmoja hakuonja. Wanamwita mtoto mkaidi kwa kitu wasichokijua ladha.

Hasira ikamjaa. Alitamani kuwasema papo hapo, maana yeye ni mtu wa neno wazi. Lakini wakubwa wa namna ile ukiwaambia neno wazi wanalijibu kwa kelele, na jua lilikuwa linapanda. Akajua pia kwamba akiingia kwa mtoto na midomo ile mitatu nyuma yake, kila neno la kweli atakaloliweka chini, wao wataliokota na kulitupa nje. Akasema moyoni: lazima midomo ile ishughulishwe.

Akawaita uani, mbali na mtoto.

"Nisikilizeni, watani. Homa hii si homa ya hivi hivi. Homa hii ina masikio. Kila mnapofungua midomo inasikia mnakuja, inajificha ndani kwa mtoto. Sasa sisi watu wa mawe tuna mwiko wetu. Wakubwa wote wa nyumba wajaze dawa midomoni, wafumbe, wasimeze, wasiteme, mpaka mtoto amalize kikombe chake."

"Na atakayetema?" akauliza Kifaru.

"Homa inamhamia."

"Na atakayemeza?"

"Inamhamia na ndugu zake."

Mngewaona wale majabali. Kifaru alirudi hatua tatu. Bwana Kiboko, ambaye mamba humpisha njia, akauliza kwa sauti ndogo, "Mtani, lazima na mimi? Maana nina shughuli."

"Wewe ndiye mwenye mdomo mkubwa. Wewe ndiye wa kwanza."

Desturi ni desturi. Pimbi akatenga kikombe cha mtoto, na vikombe vingine vitano vya siku zilizobaki akavifunika. Iliyozidi akaigawa kwa kata. Mama kata moja, Kifaru kata mbili. Bwana Kiboko akapanua lile pango lake, zikaingia kata nne, na bado pakabaki nafasi ya wageni.

"Fumbeni."

Wakafumba. Macho ya Bwana Kiboko yakatoka kama mayai. Kifaru akaanza kusimama mguu mmoja, akabadili, akasimama mwingine. Machozi yakamtoka mama, lakini yeye alikuwa analia tangu siku ya kwanza, kwa hiyo hakuonekana tofauti.

"Sasa twendeni. Na asisikike mtu."

Chande alikuwa amelala ubavu juu ya matope yaliyokauka. Alipoona kikombe akageuza uso.

"Nani wewe?" akauliza, sauti imepasuka.

"Pimbi. Mtani wako."

"Umeleta nini?"

"Dawa."

Mtoto akageuka taratibu. Siku nne katika nyumba ile hakuna aliyelitamka neno hilo mbele yake.

"Baba anasema ni asali."

"Anasema."

"Ni chungu?"

"Chungu sana. Mimi nimelamba kidole kimoja tu jikoni, nikataka kurudi kwetu."

Chande akamtazama baba yake. Bwana Kiboko alikuwa amesimama mlangoni, mashavu yamevimba, pua inatiririka.

"Baba. Ni asali?"

Baba akataka kujibu. Ungeona jinsi jibu lilivyompanda kooni, lile lile la siku zote. Lakini mdomo ulikuwa na kazi. Akabaki na kichwa tu, na kichwa hakikuzoea uongo kama mdomo ulivyozoea. Akakitikisa: hapana.

Chande akageuza macho kutoka kwa baba yake. Kisha akamwuliza Pimbi, "Nitakunywa mara ngapi?"

"Mara sita. Leo mbili, kesho mbili, keshokutwa mbili."

Pale mlangoni Bwana Kiboko akaanza kupepesa masikio, akanyanyua mguu mmoja, akaonyesha kwato moja.

"Baba yako anataka kusema ni mara moja tu," akasema Pimbi. "Bahati yetu hawezi."

"Uchungu unakaa sana?"

"Kutoka jikoni mpaka hapa haujanitoka. Zaidi ya hapo sijui, kwa hiyo sikwambii."

"Na nisipokunywa?"

Hapo Pimbi naye akasita. Alimwona mama akitikisa kichwa kwa nguvu, macho yanamsihi. Chande alikuwa mtoto mdogo. Lakini alikuwa ameuliza, na jua la dirishani lilikuwa limebakiza kipande kidogo kufika katikati.

"Utakufa, mtani."

"Mmmmm," akalia mama kwa puani.

"Hawakuniambia," akasema Chande.

"Hawakukwambia. Walikuonea huruma, wakadhani huruma na uongo ni kitu kimoja. Mimi nimekwambia. Sasa mdomo ni wako, kikombe ni chako. Mjomba wako hatakukalia tena, maana ana shida zake pale."

Chande akamwangalia Kifaru akicheza ngoma ya mguu mmoja. Kitu kama kicheko kikapita kwenye uso wake, kikaishia njiani kwa udhaifu.

"Wewe utakunywa na mimi?"

"Kwa nini? Mimi siumwi. Ila nitakupa kitu kimoja. Kila funda moja utakalomeza, unitukane tusi moja. Mimi mtani wako, ni haki yako. Uchungu ukipanda, upandishe na tusi."

Mtoto akafikiri. Akafungua mdomo, kidogo, kama mtu anayefungua mlango usiku wa mvua.

Gulu. Uso ukajikunja wote, macho yakapotea.

"Tukana," akasema Pimbi. "Haraka."

"Huna mkia!"

"Sina. Wewe unao, lakini unafanana na mzizi wa muhogo. Endelea."

Gulu. Mwili ukamtetemeka.

"Masikio yako kama... kama maganda ya karanga."

"Hilo zuri. La mwisho."

Gulu. Chande akashika shavu, machozi yanamtoka, akatafuta tusi la tatu chumbani kote. Macho yake yakaangukia mlangoni.

"Baba," akasema, "umefanana na chura aliyemeza jiwe."

Bwana Kiboko hajawahi kuambiwa neno kama hilo tangu azaliwe. Akavuta pumzi kubwa kwa puani. Na Kifaru, mpumbavu wa kutupwa, akacheka. Ukicheka na kata mbili za dawa mdomoni, moja ya mambo mawili hutokea. Yeye alimeza.

Pu, akaanguka chini, nyumba ikatetemeka.

"Nimekwisha," akasema kwa sauti ya mtu anayekata roho. "Homa imenihamia. Naisikia magotini. Mwambieni mke wangu asiolewe na Nyati."

"Una nini, mjomba?" akauliza Pimbi.

"Nimemeza, mtani. Na ndugu zangu nao, masikini."

"Inuka. Umekunywa mwarobaini tu, utajisaidia vizuri. Homa haihami kwa midomo. Hakuna mwiko. Niliwadanganya."

Pwaaaa. Kata nne zikatoka mdomoni mwa Bwana Kiboko, zikavuka ua, zikawalowesha kuku wa jirani.

"Umetudanganya?" akanguruma.

"Ndiyo."

"Mimi? Katika nyumba yangu?"

"Wewe, katika nyumba yako, kata nne. Na nimekwambia mwenyewe kabla hujauliza mara mbili. Wewe mwanao ulingoja afe ndipo umwambie ile haikuwa asali?"

Bwana Kiboko akainua mguu. Mama Chande, aliyekuwa amekwisha kutema dirishani kwa adabu, akaushika.

"Mtani hapigwi," akasema. "Na kikombe kitupu, Baba Chande. Kitazame. Kitupu."

Akakitazama. Mguu ukashuka.

"Mtani," akasema, sauti imekwaruza, "kumbe dawa ile ni chungu hivyo?"

"Kumbe," akasema Pimbi. "Siku ya tano leo, ndiyo unaniuliza mimi."

Bwana Kiboko akageuka. Akaenda mtoni mwenyewe, akachota maji kwenye kibuyu, akamletea mtoto.

"Kunywa maji, mwanangu."

Chande akafumba mdomo. Akamgeukia Pimbi. "Ni maji?"

"Sikuchota mimi. Mwulize aliyechota."

"Ni maji, mwanangu, naapa kwa—"

"Usiape," akasema mtoto. "Onja."

Mbele ya mkewe, mbele ya Kifaru aliyekuwa bado anajipapasa magoti, Bwana Kiboko wa mto mzima akainua kibuyu, akaonja. Chande akamwangalia usoni jicho kwa jicho, akitafuta mkunjo.

"Onja tena."

Akaonja tena.

"Na mama."

Mama naye akaonja. Ndipo mtoto akakipokea kibuyu kwa mikono yake miwili, akanywa, akanywa, mpaka maji yakamchuruzika kifuani na matope chini yake yakaanza kulainika. Jua lilikuwa limesimama utosini kabisa.

Chande akapona. Homa iliondoka siku ya tatu, kama Kobe alivyosema. Ila wazazi wake walionja kila kitu kabla yake, maji, uji, hata majani, kwa mwaka mzima na masika mawili, na Pimbi alishuka kutoka kwenye mawe mara kwa mara, hana shida yoyote, kuja kukaa tu na kuwatazama wakionja.

Ukimwambia mtoto dawa ni asali, siku utakayompa asali ataitema.